Mapambo ya Nyuzi Mlangoni: Ukindu, Mkonge na Usumba Ukutani

Kwa pambo la ukindu au mkonge, ukuta wa kuingilia ndio mgumu kuliko kuta zote za nyumba. Hapo mlango hufunguliwa na kufungwa mchana kutwa, vumbi na upepo wa bahari huingia bila kubisha, mabega na mikoba hupita, na katika nyumba nyingi za Pwani hapo ndipo huwekwa chetezo wageni wanapongojewa. Hata hivyo kazi nzuri ya mkono inaweza kudumu hapo miaka mingi. Mara nyingi kinachoiharibu ni kugandamizwa kwenye ukuta wenye unyevu na kuachwa masika hadi masika bila kushushwa. Kwa hiyo kila pambo la nyuzi litundikwe kwa namna ambayo hewa hupita nyuma yake, na mtu mmoja anaweza kulishusha bila kutafuta bisibisi. Mengi yanayofuata hapa yanatokana na hilo.

## Ukuta uchunguzwe kwanza

Wengi hununua kwanza, kisha hutafuta pa kutundika. Utaratibu huo hugharimu, kwani kikapu kipana kilichopendeza sokoni huishia nyuma ya mlango, mahali ambapo kitasa hukigonga kila siku. Kabla ya kutoa fedha, mambo haya yaangaliwe:

- Mlango. Ufunguliwe hadi mwisho na alama ya penseli iwekwe ukutani pale unapofika. Ndani ya mzunguko huo pasitundikwe kitu.
- Upana wa njia. Katika ujia usiozidi mita moja, pambo linalojitokeza zaidi ya sentimita kumi hugongwa na bega. Mahali kama hapo panataka kazi bapa: kipande cha mkeka, duara la ukili, au upepeo.
- Jua. Ukuta unaopigwa na jua la asubuhi au la alasiri hupausha rangi, na rangi za kuchemshia zilizokolea hupauka kwa kuonekana zaidi. Hapo ukindu usiotiwa rangi ni salama zaidi.
- Umeme. Mita ya LUKU na kisanduku cha swichi kuu mara nyingi huwa karibu na mlango, na kishawishi cha kuvifunika kwa mkeka ni kikubwa. Visifunikwe kabisa. Ukindu mkavu hushika moto upesi, na siku ya hitilafu swichi lazima ifikiwe papo hapo.
- Moto mdogo. Chetezo, mshumaa na dawa ya mbu ya kuwasha vikae angalau mita moja kutoka kwenye pambo, wala visiwe chini yake. Hata pasipotokea moto, moshi wa udi huacha rangi ya kahawia isiyotoka kwenye nyuzi nyeupe.

Baada ya hayo hupimwa unyevu wa ukuta wenyewe, na jaribio lake halina gharama. Kipande cha nailoni chenye upana wa sentimita 30 kwa 30 hubandikwa ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, kikaachwa siku mbili. Matone yakionekana upande wa ndani, unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Hapo hakuna pambo la nyuzi litakalopona mpaka chanzo kitibiwe, liwe bomba linalovuja, msingi usiozuiwa maji, au plasta ya saruji iliyopakwa juu ya ukuta wa zamani wa mawe na chokaa ikauzuia kupumua. Matone yakiwa upande wa nje wa nailoni, unyevu ni wa hewani. Huo hudhibitiwa kwa kuacha nafasi nyuma ya pambo.

## Nyuzi zinavyotofautiana

Ukindu hutokana na majani machanga ya mkindu, yanayokaushwa juani, kuchanwa chane nyembamba na kuchemshwa na rangi kabla ya kusukwa. Ni laini, hukubali rangi vizuri, na ndio unaotoa mikeka mizuri zaidi ya Unguja, Pemba na Mrima. Hasara yake ni kwamba koga huupenda. Miyaa, majani ya mkoma, ni migumu kidogo na ya bei nafuu. Kazi yake huwa na sura ya kikazi zaidi, nayo hustahimili kuguswaguswa.

Mkonge una ung'avu ambao majani hayana. Mmea huu uliletwa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukastawi hasa upande wa Tanga, na ndiyo maana hadi leo singa na kamba zake hupatikana kwa urahisi katika masoko ya mkoa huo. Unafaa kwa kazi za mafundo, kwa mashada marefu yanayoning'inia, na kwa mikeka ya duara. Adui wake ni maji. Tone likianguka na kukauka lenyewe huacha doa lenye ukingo mweusi, na kulisugua hulitanua.

Usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, hudharauliwa kwa sababu kila mtu ameuona ukifunga makuti na boti. Kwa ukuta wa barazani au wa daka unaofikiwa na rasharasha, hakuna nyuzi za asili zinazoushinda. Makumbi hufukiwa kwenye tope la ufukweni kwa miezi kadhaa kabla ya kupondwa, na nyuzi zinazobaki ni zile zilizoshindikana kuoza. Jambo moja tu lizingatiwe: kamba mpya iliyotoka ufukweni ina chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa hewani. Isuuzwe mara mbili kwa maji ya bomba na ianikwe hadi ikauke kabisa kabla ya kuingizwa ndani.

Milulu ya vikapu vya Iringa ni imara na ina rangi ya asali inayokaa vizuri kwenye ukuta mweupe. Kiondo cha mkonge cha Ukambani kina kina kirefu, hivyo kitundikwe kwa mishipi yake kwenye kulabu, kisilazimishwe kulala bapa. Pamba ya kazi za mafundo, ambayo wengi huiita makrame, hupendeza lakini hurefuka kwa uzito wake na hushika vumbi. Mlangoni iwe nyepesi na fupi. Gome la mutuba la Baganda, ambalo ufundi wake UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2008, ni kitambaa kamili kisichosukwa. Linahitaji ukuta mkavu na mahali pasipopitwa na watu wengi, maana likisuguliwa huchakaa.

Swali la mikeka ya plastiki halikosekani. Kwa ukuta wa nje unaopigwa na mvua moja kwa moja, mkeka wa mirija ya plastiki uliosukwa kwa mkono ni chaguo la haki: koga haina cha kula humo. Jua kali tu ndilo huufanya ukatike baada ya muda.

## Mambo ya kukagua wakati wa kununua

Kazi ya ukili hukaguliwa kwa kuinuliwa kwenye mwanga. Mwanga ukipenya sawasawa kote, msuko ni wa mkono mmoja na wa mkazo mmoja. Ukipenya kwa mabaka, sehemu zilizolegea zitashuka pambo likishatundikwa. Kisha:

- Kunusa. Harufu ya chumba kilichofungwa ni harufu ya koga, hata kama haijaonekana.
- Kupigapiga nyuma juu ya karatasi nyeupe. Unga mwembamba unaodondoka ni dalili ya dumuzi.
- Kusugua sehemu iliyofichika kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikitoka na rangi, pambo hilo litatia doa ukuta siku ya unyevu.
- Kutazama mwisho wa msuko. Chane zilizokatwa tu bila kurudishwa ndani hufumuka ndani ya miezi michache.

Bei ya kazi hizi hulalamikiwa na watu wasioifahamu kazi yenyewe. Kabla ya mshono wa kwanza, msukaji ameshakata, ameanika, amechana, amechemsha rangi na amesuka pima nyingi za ukili. Anayeweza kununua moja kwa moja kwa msukaji afanye hivyo. Hupata pia nafasi ya kuagiza ukubwa unaolingana na ukuta wake, jambo ambalo dukani haliwezekani.

## Ukubwa, idadi na kimo

Hofu ya kugeuza ukumbi kuwa duka la vinyago ina msingi. Hutokea pale vitu vingi vidogo visivyohusiana vinapotawanywa ukutani. Dawa yake ni kuchagua kimoja kati ya viwili: ama kipande kimoja kikubwa, ama kundi la vitu vitatu hadi vitano vyenye jambo moja linaloviunganisha, kama nyuzi za aina moja au rangi moja inayojirudia. Ukumbi mdogo hutawaliwa vizuri zaidi na kipande kimoja kikubwa kuliko inavyodhaniwa, kwani vingi vidogo ndivyo huufanya uonekane umebanwa.

Kitovu cha pambo, au cha kundi zima, kiwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Hicho ni kimo cha macho ya mtu mzima aliyesimama, na mlangoni watu husimama. Juu ya kiti au baraza la kukalia, ukingo wa chini upande mpaka kichwa cha aliyekaa kisiuguse, la sivyo mafuta ya nywele yatatia doa ambalo halisafishiki. Juu ya meza au kabati la viatu, pambo lichukue kama theluthi mbili za upana wa kilicho chini yake.

Kundi hupangwa kwanza sakafuni. Kisha kila kitu huchorwa kwenye gazeti, hukatwa, na magazeti hayo hubandikwa ukutani kwa siku mbili tatu, watu wa nyumbani wakiingia na kutoka. Kosa la kimo huonekana hapo, kabla ya tundu kutobolewa. Nafasi ya sentimita tano hadi nane kati ya kitu na kitu inatosha.

Kawa, kwa uzuri wake wote, ina tatizo lake: mgongo wake wa juu hukusanya vumbi. Makawa mapana yaliyobetuka kidogo tu ndiyo ya kutundikwa, yale marefu yaendelee kufunika chakula.

## Kutundika kulingana na ukuta

Ukuta wa tofali za saruji. Kwa kitu kisichofika kilo moja, msumari wa chuma wa zege uliopigwa kwa kuinama kidogo unatosha. Kizito zaidi kinataka tundu la milimita 6, fisha ya plastiki na skrubu ya sentimita nne.

Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, kama wa nyumba za kale za Lamu, Mombasa na Mji Mkongwe. Nyundo ni marufuku, kwani plasta ya chokaa hubanduka kwa mabamba. Mashine ya kutoboa iendeshwe polepole bila mtikiso, ipite plasta hadi kwenye jiwe, na fisha iwe ndefu. Unga ukiendelea kumwagika bila mashine kukutana na kitu kigumu, tundu hilo liachwe na lizibwe kwa chokaa. Palipo na dari la boriti za mikoko, kulabu kwenye boriti ni bora kuliko tundu lolote la ukutani. Tundu dogo litangulie skrubu, kwa kuwa mti wa mikoko ni mgumu. Ukuta wa chokaa unaoacha unga mkononi upigwe brashi kavu kwanza, vinginevyo nyuma ya pambo itakuwa nyeupe.

Ukuta wa jipsamu una fisha zake maalumu zinazofunguka kwa ndani. Za kawaida huchomoka. Ukuta wa udongo hushika msumari pale tu unapofika kwenye mti, kwa hiyo ukuta ugongwegongwe kwa kidole mpaka mti upatikane.

Mkeka mzima usipigiliwe misumari kwenye pembe. Uzito wote hubebwa na chane chache, nazo hukatika. Nyuma ya ukingo wa juu hushonwa upindo wa kitambaa, kama ule wa pazia, wenye urefu wa mkeka wote, na ndani yake hupitishwa ufito mnyoofu unaokaa juu ya kulabu mbili. Kwa pambo zito, fundi seremala huchonga pau mbili zenye mshazari wa digrii 45: moja hufungwa ukutani, ya pili nyuma ya pambo, nazo hukaliana. Kushusha ni kuinua tu.

Namna yoyote itakayotumika, vipande vya kizibo au mpira vyenye unene wa sentimita moja hugundishwa nyuma, kwenye pembe za chini. Nafasi hiyo ndogo huipisha hewa, nayo huamua kama pambo litaoza au halitaoza.

### Kwa mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa

Kulabu za kubandika hushika kwenye rangi ya mafuta iliyo safi. Kwenye chokaa au rangi ya maji inayoacha unga huanguka, mara nyingi usiku. Njia ya uhakika ni kutumia kilichopo: misumari ya mpangaji aliyepita, bomba la pazia la mlangoni, au fremu ya mlango wa ndani kwa idhini ya mwenye nyumba. Ufito mmoja ulioning'inizwa kwenye sehemu mbili kama hizo unaweza kubeba mapambo matatu, yote yakifungwa kwa kamba za urefu tofauti.

## Duara la ukili la kujitengenezea

Asiyejua kusuka bado anaweza kutengeneza pambo zuri kwa kununua ukili uliokwisha kusukwa. Duara la kipenyo cha sentimita 40, kwa ukili wa upana wa sentimita mbili na nusu, hula takriban mita tano. Zinunuliwe mita sita, kama pima tatu na nusu. Ukili mpana zaidi ya hapo haukubali kupinda vizuri katikati. Vinavyohitajika vingine ni shazia, mkasi, na chane nyembamba za ukindu au uzi imara wa pamba.

1. Ukili hunyunyiziwa maji na kufunikwa kwa kitambaa kibichi kwa nusu saa, uwe laini bila kuchuruzika.
2. Ncha hukunjwa kwa ndani, kisha ukili huzungushwa ukijibana wenyewe. Mzunguko wa kwanza ni mgumu na hautakaa bapa. Hushonwa hivyo hivyo na kubanwa kwa kiganja.
3. Mishono hufuatana kila sentimita moja, ikishika kingo mbili tu zinazokutana. Sindano isipite katikati ya msuko.
4. Kila baada ya mizunguko mitatu, kazi hulazwa mezani. Ikianza kuinua kingo na kuwa kikapu, mzunguko wa nje umevutwa mno. Ikifanya mawimbi, umelegezwa. Kwa hali zote mbili hufumuliwa mzunguko mmoja, kwa sababu kosa hilo halijirekebishi lenyewe mbele ya safari.
5. Ukifika ukubwa unaotakiwa, ukili hukatwa mshazari, ncha hupitishwa nyuma na kushonwa.
6. Duara hulazwa kati ya mbao mbili chini ya kitu kizito, kivulini penye upepo, mpaka likauke. Likianikwa juani likiwa bichi hujikunja.
7. Vitanzi viwili hushonwa nyuma, kama sentimita kumi chini ya ukingo wa juu, kimoja kila upande. Kitanzi kimoja cha katikati huliacha lizunguke kila mlango unapofungwa kwa kishindo.

Rangi hubadilishwa kwa kuunganisha ukili mwingine nyuma ya mzunguko. Ukili wa asili wenye mizunguko miwili ya rangi karibu na ukingo hutulia machoni kuliko duara la rangi tano.

## Utunzaji

Vumbi huondolewa kila wiki mbili kwa brashi laini, kutoka juu kwenda chini, kwa kufuata msuko. Bara kwenye vumbi jekundu, kama Dodoma, iwe kila wiki. Pambo halifuliwi, halipigwi kwa fimbo wala halipakwi vanishi. Vanishi hupendekezwa mara kwa mara na hupasa kukataliwa: ukindu hujipinda kidogo kila unyevu unapobadilika, vanishi haipindi, na matokeo yake ni nyufa zinazovunja chane.

Kabla ya masika, na tena vuli inapokwisha, kila kitu hushushwa. Nyuma hukaguliwa, ukuta hufutwa, na mapambo hukaa kivulini penye upepo siku nzima kabla ya kurudi. Penye mvua kubwa, ni busara kuyaacha ndani ya chumba chenye hewa mpaka masika yaishe.

Koga ikitokea, pambo hutolewa nje na anayelisafisha huvaa barakoa. Hukaushwa kwanza, kisha hupigwa brashi kavu. Baada ya hapo hufutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa sana katika siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, rangi ikiwa imejaribiwa mahali palipofichika. Kuanza na kitambaa kibichi huisukuma koga ndani ya msuko. Koga ikirudi mahali pale pale ndani ya mwezi, ukuta ndio mgonjwa, na jaribio la nailoni lirudiwe.

Wadudu. Dawa za kupulizia zenye mafuta huacha madoa. Kwa dumuzi, pambo hufungwa ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na kuwekwa kwenye friza kwa wiki mbili. Mfuko usifunguliwe mpaka pambo lirudi kwenye joto la chumba, ili umande ukae nje ya plastiki. Mchwa ni jambo jingine: njia zao za udongo zikionekana karibu na pambo, nyumba nzima inahitaji fundi wa mchwa, na pambo liondolewe siku hiyo hiyo.

Kufumuka. Mshono ulioachia hulowanishwa kidogo na kushonwa upya mara unapoonekana, kwani ukili mmoja ukiachia huvuta wa jirani. Chane iliyokatika hubadilishwa kwa kupitisha nyingine juu ya njia yake na kuficha ncha zote mbili nyuma. Ukindu uliokauka hadi kukatika kwa kuguswa haushoneki tena. Sehemu zake zilizo nzima hukatwa na kuhifadhiwa, ziwe akiba ya kutengenezea pambo jingine la rangi hiyo.